Nyumba Haiuziki kwa Maneno

Hodi ile, msomaji, haikuwa ya jirani.

Jirani wa Nyakoe hapigi hodi mara tatu. Anasukuma mlango, anaingia, anauliza kama kuna chumvi. Hii ilikuwa hodi ya mgeni, nayo ilimkuta Bathsheba amesimama juu ya benchi, mavi ya ng'ombe yamempanda hadi viwikoni, leso imefungwa kichwani, ukuta wa sebule nusu umekandikwa na nusu uko uchi.

"Ni Shueib!" alinong'ona. "Alisema Jumapili. Leo ni Alhamisi!"

Mong'ina, mama mkwe wake, alikuwa jikoni kwenye mafiga yake. Hakuinua hata kichwa. "Kama amekuja, amekuja. Mwambie nyumba haiuzwi."

Bathsheba alishuka kwenye benchi. Alijipangusa mikono kwa leso, akaichafua leso, na mikono ikabaki vilevile. Kosa lote lilikuwa la mdomo wa mume wake. Cleophas alikuwa ameketi katika duka la Shueib mjini Kisii, akanywa chai ya Shueib, akamwambia Shueib kwamba nyumba iko tayari. Kwamba mabati hayavuji. Kwamba kuta ni nyeupe kama maziwa na mlango unafunguka kwa kidole kimoja.

Mlango huo ulitaka uinuliwe kwanza, ndipo uvutwe. Bathsheba aliuinua, akauvuta, ukalia kama mbuzi.

Nje hakuwako Shueib. Alisimama mwanamke mrefu, mwembamba, shela nyeusi mabegani, viatu mkononi kwa ajili ya matope.

"Mimi Dahabo, mke wa Shueib. Nimepita tu."

"Karibu, mama. Lakini tulisema Jumapili..."

"Jumapili atakuja mume wangu. Yeye hununua kwa masikio. Mimi nanunua kwa macho, na bibi arusi nataka kumwona kabla hajapakwa poda."

Akaingia.

Hakuketi. Hakugusa chai aliyokaribishwa. Alitazama juu, akahesabu matundu ya misumari katika mabati kwa jinsi mwanga ulivyopenya. Alitia kichwa jikoni, akatoka akipiga chafya. Masizi ya huko yalikuwa mazito kama manyoya. Alipitisha kidole dirishani, kidole kikarudi na vumbi la mbao zilizoliwa na mchwa. Kisha akasimama mbele ya kabati.

"Kwa nini kabati liko katikati ya ukuta?"

"Tuliliweka hapo tu, mama."

"Lisogeze."

Bathsheba alilitia bega. Alilisogeza. Nyuma ya kabati kulikuwa na ufa uliotoka sakafuni hadi kimo cha mtu. Dahabo aliukunja mkono wake, akauingiza. Vidole vikatokea nje, kwenye migomba.

"Na hii?"

"Ni ufa mdogo, utazibwa leo..."

"Hapo ndipo nyoka hupitia!" Mong'ina alipaza sauti kutoka jikoni, kwa Kiswahili safi ambacho siku zote alidai hakijui.

Bathsheba alifumba macho.

Dahabo aliuvuta mkono wake kwa upole. Aliutazama ufa, akamtazama na huyu mwanamke aliyejaa kinyesi cha ng'ombe, na kwa muda kidogo ilikuwa kana kwamba angecheka. Hakucheka. "Kuna nyumba nyingine Birongo. Mwenyewe anasema haina ufa hata mmoja. Tutaiona Jumapili baada ya hii." Alivaa shela yake vizuri. "Mnazo siku tatu."

"Mbili, mama. Sisi ni Wasabato."

"Basi mbili," alisema Dahabo, akaenda zake.

Siku mbili! Na ndani ya nyumba hakuna hata senti ya kununulia chokaa.

Aliyetufikia leo kwa mara ya kwanza na ajue jambo hili. Serikali ilikuwa inagawa mashamba ya Wazungu kule Borabu, na jina la Cleophas lilikuwa limetoka. Shamba zima! Si kipande cha kugombaniwa na ndugu saba, ni shamba lenye mto chini na barabara juu. Lakini malipo ya kwanza yalitakiwa kabla ya mwezi kuisha, la sivyo jina lingefutwa na la mwingine kuandikwa juu yake. Kitu pekee walichokuwa nacho cha kuuza kilikuwa hii nyumba ya sokoni Nyakoe, ambayo Cleophas aliijenga kwa mikono yake. Na mikono ya Cleophas, msomaji, ilikuwa haijawahi kumaliza kitu.

Bathsheba alikuwa amewapeleka watoto kwa dada yake kule Nyamira ili apate nafasi ya kufanya kazi. Cleophas naye alitoka tangu asubuhi kutafuta fundi.

Alirudi saa saba akipiga mluzi.

"Fundi yuko wapi?"

"Nimezungumza naye. Mtu mzuri sana. Anasema bila pesa hawezi, lakini ametushauri vizuri."

"Ametushauri nini?"

"Tuuze nyumba kwanza, ndipo tumlipe atengeneze."

Bathsheba aliketi kwenye benchi. Aliogopa kwamba akibaki amesimama atamrushia mumewe ndoo.

"Baba Bitutu, mke wa Shueib alikuwa hapa. Ametia mkono kwenye ufa ukatokea nje. Mama yako amemwambia habari za nyoka."

"Nyoka gani? Niachie mimi. Jumapili nitaongea na Shueib mwenyewe. Mimi na yeye tunaelewana."

"Usiongee! Nakuomba. Nyumba haiuziki kwa maneno. Chukua jembe ukachimbe udongo."

"Nitachimba. Lakini kwanza nina mtu wa kumwona kuhusu rangi."

Hakugusa hata jembe. Alivaa tena kofia yake, na mluzi ulisikika ukiteremka barabarani.

Udongo aliuchimba Bathsheba. Aliuponda kwa miguu pamoja na majani ya migomba yaliyokatwakatwa, ili ukikauka usipasuke, kisha akajaza ufa kwa mawe madogo, jiwe kwa jiwe, akisukuma udongo katikati kwa ngumi. Kila jiwe alilipatia jina moja la mume wake. Ufa ulipojaa alikuwa amemaliza majina yote, pamoja na mengine ambayo Msabato hapaswi kuyajua.

Bado kuta. Zilitaka weupe, na weupe haupatikani bure. Ndipo akamkumbuka Gesare.

Gesare, jirani wa ng'ambo ya kijito, mume wake alikuwa mchongaji wa mawe laini kutoka Tabaka, wale wanaotengeneza vyungu na vibakuli vyeupe. Nyuma ya nyumba yake yalijaa magunia ya unga wa mawe, mweupe na laini kama poda, usio na kazi.

"Chukua magunia mawili," alisema Gesare. "Lakini na mimi niko peke yangu na mahindi yangu yamezama kwenye magugu. Unipalilie mistari sita."

"Sita! Gesare, jua limekwisha pinduka!"

"Basi anza."

Bathsheba alipalilia mistari sita. Mistari ya Gesare ilikuwa mirefu kama wimbo wa mazishi. Alipomaliza, alibeba gunia moja kichwani, akarudi kuchukua la pili, akachekecha unga, akakoroga na uji mwepesi wa mahindi kama Gesare alivyomwelekeza, na kabla giza halijaingia alikuwa ameupaka ukuta mzima wa mbele na sebule yote.

Ulipendeza. Alisimama barabarani kuutazama. Mara ya kwanza tangu asubuhi, kifua chake kilipumua.

Ijumaa asubuhi aliamshwa na kelele. Ko! Ko! Ko!

Alidhani ni mtu anagonga mlango. Alitoka nje, akakuta kuku wake wote, na wa majirani pia, wamejipanga ukutani wanadonoa. Uji! Walikuwa wanakula ukuta! Kuanzia chini hadi pale shingo ya jogoo ilipofikia, weupe wote ulikuwa umetobolewa kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Alipiga kelele ambayo walioisikia kule sokoni walidhani kuna msiba. Aliwafukuza kwa mwiko. Waliokuwa wake aliwafunika chini ya matenga, akaweka mawe juu. Kisha akakimbia kwa Gesare.

"Ulitia chumvi?" aliuliza Gesare.

"Chumvi gani? Hukuniambia chumvi!"

"Ah. Chumvi lazima. Kuku hawapendi, tena unashika vizuri."

Bathsheba alimtazama, akakumbuka mistari sita, akameza mate. Aliomba chumvi. Gesare, kwa kuona haya, alimpa mfuko mzima bila kutaja mahindi.

Alirudi mbio. Alipoingia sebuleni alisimama kama aliyepigwa.

Katikati ya sebule palikuwa na mafiga matatu. Juu ya mafiga kulikuwa na sufuria. Chini yake kuni mbichi zilitoa moshi mzito wa manjano, na moshi huo ulikuwa unaulamba ukuta mweupe wa jana, taratibu, kuelekea juu. Mong'ina alikuwa ameketi kando kwenye kigoda chake, anapika viazi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nahama," alisema Mong'ina. "Si mnataka kuhama? Nimeanza. Umesema jikoni unataka kukwangua masizi yangu. Basi nimekuachia jiko, nimekuja huku."

Hapo, msomaji, kilichokuwa kimejaa tangu Alhamisi kilimwagika. Bathsheba alitupa mfuko wa chumvi chini.

"Kwa nini unanifanyia hivi? Nimekukosea nini? Mwanao anazurura, mnunuzi anataja nyumba ya Birongo, kuku wanakula ukuta, na wewe badala ya kunishika mkono unaniwashia moto sebuleni! Hilo shamba ni la nani? Ni langu? Ni la wajukuu wako! Tukikosa Jumapili tumekosa!"

Mong'ina alikoroga viazi.

"Mke wa mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "unajua mimi nimehama mara ngapi? Mara nne. Baba yake Cleophas alinihamisha mara tatu, kila mara akisema huko mbele ni kuzuri, na kila mara nilikaa mwaka mzima katika kibanda cha majani nikingoja yeye ajenge. Mtoto wangu wa pili alikufa kwa baridi katika kibanda kama hicho. Mara ya nne nilihamishwa na mwanangu kuja hapa. Unamjua mwanangu. Kule Borabu kuna ukungu na baridi. Nitalala wapi, mimi, mpaka Cleophas amalize kujenga?"

Miaka tisa Bathsheba ameishi na mama huyu, na neno la mtoto wa pili hakuwahi kulisikia.

Alichuchumaa mbele yake. "Nyumba yako itajengwa kwanza."

"Maneno."

"Si ya Cleophas, ni yangu. Kabla sijachimba shimo la nguzo moja ya nyumba yangu, yako itakuwa na mabati juu na mlango. Nitaikandika mwenyewe."

"Apa."

"Sisi hatuapi, mama. Ndiyo yangu ni ndiyo."

Mong'ina alimtazama mikono. Ilikuwa imepasuka kwa jembe na unga wa mawe, damu kidogo kwenye vifundo. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama uso. Kisha akainuka, akashika sufuria kwa leso, akaipeleka jikoni.

"Toa hayo mafiga, yasikuchomee sakafu," alisema. "Na uniletee udongo mwekundu, si huo wako. Huo wako ni wa kufungia nyufa. Jiko halikandikwi hivyo."

Asubuhi hiyo yote walifanya kazi bila kuzungumza. Bathsheba alirudia kuta, safari hii na chumvi. Kule jikoni alisikia kwaru, kwaru, kwaru, na alipochungulia saa nane, masizi ya miaka tisa yalikuwa chini, ukuta ulikuwa mwekundu na laini, na yule mama mzee alikuwa anachora michirizi kwa vidole vyake vitatu, kona hadi kona, sawasawa kama iliyopigwa rula.

Saa kumi, mluzi.

Cleophas alikuwa amebeba mkebe wa galoni kwa mkono mmoja na brashi mpya kwa mwingine. Alikuwa anang'aa kuliko mkebe.

"Nilikuambia nina mtu wa kumwona? Rangi ya mafuta! Kijani! Ya mlango na madirisha!"

"Umeitoa wapi?"

"Kwa rafiki."

"Rafiki yupi?"

"Mama Bitutu, unataka rangi au unataka jina?"

Alitaka rangi. Mungu amsamehe, alikuwa amechoka, na jua lilikuwa linaelekea kutua, na baada ya jua kutua ni Sabato, na kazi haifanyiki. Alichukua brashi. Cleophas, kwa maajabu, alichukua kitambaa na kupaka upande wa pili. Madirisha yalitangulia, na mlango ulimalizika wakati jua linagusa kilima. Ulisimama pale, kijani kibichi katika ukuta mweupe, kama jani jipya la mgomba baada ya mvua. Watu waliotoka sokoni walisimama kuutazama.

"Wewe ni mume mzuri ukitaka," Bathsheba alimwambia.

Laiti angeyaweka maneno hayo akiba.

Siku ya Sabato kanisa lilijaa. Ni kanisa dogo la bondeni, la waumini wanaojuana hadi majina ya mbuzi. Baada ya nyimbo, mzee wa kanisa, Alfayo, alisimama. Alfayo alikuwa mtu mkavu aliyefunga vifungo vyote vya shati hadi shingoni.

"Kabla ya mahubiri nina jambo la huzuni. Mnajua kwamba akina mama waliuza ndizi mwaka mzima ili tununue rangi ya milango ya kanisa. Rangi ililetwa Jumatano. Jana asubuhi mkebe mmoja haukuwepo, na brashi. Rangi yenyewe ni ya kijani."

Bathsheba alitazama mbele. Hakutaka kugeuza kichwa upande wa wanaume. Lakini shingo ya mtu haina adabu, iligeuka yenyewe. Cleophas alikuwa ameketi juu ya mikono yake, amekunja kucha zote chini ya mapaja.

Na Bathsheba alikuwa mmoja wa hao akina mama. Ndizi zake pia zilikuwa ndani ya mkebe ule.

Nje, chini ya kivuli cha ukuta, alimshika mumewe mkono. "Uliiba."

"Niliiazima."

"Rangi huazimwa? Utairudishaje, kwa kuilamba?"

"Punguza sauti! Tukiuza nyumba nitanunua mikebe miwili, niweke usiku, nani atajua?"

"Watu wote hawa wanapita Nyakoe kwenda nyumbani. Watauona mlango leo hii! Twende tumwambie Alfayo."

"Jumatatu," alisema Cleophas. "Baada ya Shueib. Nakusihi."

Bathsheba alisimama katikati ya njia. Upande mmoja ilikuwa Borabu, mto chini na barabara juu. Upande mwingine ulikuwa mgongo wa Mzee Alfayo, unaondoka taratibu na Biblia kwapani. Miguu yake iliufuata mgongo.

"Mzee. Rangi tumeichukua sisi."

Alfayo aligeuka. "Umesema 'tumeichukua' au 'ameichukua'?"

"Tumeichukua. Brashi niliishika mimi."

Mzee alihamisha Biblia kwapa la pili. "Umefanya vema kusema. Basi irudi."

"Imekwisha kauka mlangoni."

"Basi mlango utakuja."

"Mzee! Kesho mnunuzi anakuja kuona nyumba!"

"Kesho ni siku ya kazi, dada. Tutafika mapema tusiwasumbue. Siku mtakayoleta mkebe mwingine, mtachukua mlango wenu. Madirisha tutawaachia, msije mkanyeshewa."

Njiani kurudi, Cleophas alikuwa na sauti ya mtu aliyefiwa. "Umeniuza, Bathsheba. Umeniuza mbele ya watu."

"Sijakuuza. Nimejaribu kuuza nyumba tu, nayo imenishinda."

Na kweli, Jumapili saa moja asubuhi, wanaume watatu wa kanisa walikuja na bisibisi. Walifungua bawaba, wakaomba samahani, wakaubeba mlango begani. Kijani kile kiliteremka bondeni kikiyumba katikati ya migomba, na nyumba ya Bathsheba ikabaki imeachama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Alipigilia blanketi? Hapana. Alifikiria, akaliacha sandukuni. Alichukua ufagio, akafagia kizingiti, akaketi kungoja.

Saa nne gari la mizigo la Shueib lilisimama. Shueib alikuwa mnene, mwenye kicheko cha karibu. Dahabo alishuka nyuma yake na hakucheka.

"Mlango uko wapi?" aliuliza.

Cleophas alikohoa. "Mlango, mama, tumeupeleka mjini kwa fundi mmoja mkubwa sana, anatutilia kitasa cha..."

"Uko kanisani," alisema Bathsheba.

Hata Mong'ina, aliyekuwa amevaa gauni lake la Sabato siku ya Jumapili, aligeuka.

"Tuliupaka rangi isiyo yetu. Wenyewe wamekuja kuuchukua. Tutawalipa rangi, watatupa mlango. Kuta hizi ni unga wa mawe ya Tabaka na uji na chumvi, zitafaa mwaka mmoja, baada ya hapo mtapaka tena. Mabati yana matundu tisa, nimeyahesabu. Na ufa ulikuwa pale. Nimeuziba kwa mawe na udongo. Jaribu mwenyewe."

Alisogeza kabati kabla hajaombwa.

Dahabo aliusogelea ukuta. Alipiga kwa ngumi. Akapiga tena, kwa nguvu. Kisha, mbele ya mume wake, aligeuka na kuuegemea kwa bega lake lote, kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Udongo haukumeguka hata chembe.

Aliingia jikoni. Alikaa huko kwa muda mrefu. Bathsheba alimsikia akiuliza, "Na nyoka, mama?"

"Alikuwa mmoja tu," ilijibu sauti ya Mong'ina. "Nilimuua mwaka wa uhuru."

Dahabo alipotoka alikuwa anafuta macho kwa ncha ya shela, na safari hii haikuwa kwa sababu ya masizi, ilikuwa kicheko.

"Birongo twende saa ngapi?" aliuliza Shueib.

"Hatuendi. Nyumba ya udongo isiyo na ufa hata mmoja, ama haijajengwa ama mwenyewe ni mwongo. Huyu dada nimejua nyufa zake zote, na zilizozibwa nimejua zimezibwa na nani. Chukua hii."

Shueib alicheka, akanyoosha mkono. Hakumnyooshea Cleophas. Alimnyooshea Bathsheba.

"Basi, mama. Alhamisi tuonane mjini kwa karani, tuandikiane."

Bathsheba aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili iliyopasuka. Borabu! Alitaka kupiga kigelegele, lakini Mong'ina alimtangulia, kwa sauti nyembamba ya kizee iliyofika hadi sokoni.

Kigelegele kilikuwa bado hewani lori lilipoegeshwa nyuma ya gari la Shueib.

Lilikuwa limepakia kitanda cha chuma, meza, magodoro mawili, mtungi, na mwanamke aliyekaa juu ya vyote akiwa na mtoto mchanga. Mwanamume mfupi mwenye koti la kaki aliruka chini. Bathsheba hakuwahi kumwona maishani mwake.

Cleophas alimjua. Bathsheba aliona damu ikiondoka usoni mwa mumewe, kama maji yanavyoondoka kwenye karai lililotoboka.

"Machogu," Cleophas alisema. "Mimi... wewe... tulisema baada ya mavuno."

"Ulisema baada ya mavuno ya kwanza ulipopokea shilingi zangu. Mavuno yamekwisha, ndugu yangu."

Yule mtu alimwamkia kila mmoja kwa heshima: Mong'ina, Shueib, Dahabo, Bathsheba. Alitia mkono mfukoni, akatoa karatasi ya mauziano iliyokunjwa mara nne, yenye kidole gumba cha wino na sahihi ambayo Bathsheba aliijua kuliko uso wake. Kisha akatoa ufunguo mrefu wa chuma. Alipanda kizingiti, ufunguo mkononi, akasimama mbele ya lile shimo tupu ukutani.

Alilitazama. Aligeuka polepole.

"Nyumba ninaiona," alisema Machogu. "Lakini ni nani kati yenu aliyeuza mlango wangu?"